Uhusiano na Mwombaji

Ijumaa ile duka la kutoa kopi lilikuwa halina pa kuweka mguu. Ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma maombi ya chuo kikuu, na sisi watu tunajijua: mlango ukiwa wazi miezi miwili hatuonekani, siku ya kufungwa ndiyo tunakanyagana vidole. Printa tatu zilikuwa zinaunguruma, mashine ya kutia vyeti plastiki inatoa harufu ya kuungua, na feni ya ukutani inapiga kelele bila kumpoza mtu yeyote. Nyuma ya kaunta alisimama kijana mrefu mwenye shati la njano, lililopigwa pasi vizuri mbele na kusahauliwa mgongoni. Shingoni alining'iniza flashi tano kwenye kamba moja. Jina alikuwa nalo, alipewa na mama yake, lakini mtaa mzima ulimwita Skana kwa sababu ya kazi yake.

"Nani wa mwisho hapa?" sauti ya kike ikauliza mlangoni.

"Wote sisi wa mwisho, dada," akajibiwa, watu wakacheka.

Mwenye sauti hakucheka. Alivaa koti jeupe la kazini, la famasi iliyo ng'ambo ya barabara, lenye doa la waridi la dawa ya kikohozi kwenye mkono wa kulia. Kalamu ameichomeka kwenye nywele, bahasha ya vyeti ameikumbatia kwa mikono miwili. Akapenya, akaomba radhi kushoto na kulia, mpaka akafika kaunta.

"Kaka yangu, nina saa moja tu ya ruhusa, na robo yake imeishia barabarani."

"Dada, foleni inaanzia kule kwenye kabati la madaftari." Skana hakuinua macho. Halafu akakohoa, kikohozi kirefu mpaka akashika kaunta.

"Hicho kikohozi ni cha tangu lini?"

"Hiki? Wiki ya tatu."

"Umetumia nini?"

"Nilipewa vidonge vya siku saba. Siku ya pili nikapata nafuu, nikaacha."

"Ukaacha!" Dada wa watu akaweka bahasha chini. "Dozi ya siku saba unaiacha siku ya pili? Na vilivyobaki viko wapi?"

Skana akafungua droo, polepole, kama mwanafunzi aliyekamatwa. Vidonge vilikuwa humo, katikati ya pini na vifutio. Duka zima likaangua kicheko. Mama mmoja aliyekuwa mbele ya foleni akasema, "Mpitishe huyu, mpitishe haraka, atatupima wote hapa!"

"Haya, Dozi," Skana akasema, sasa akimtazama usoni kwa mara ya kwanza, na akaona kwamba alikuwa amechelewa kumtazama. "Kaa hapa. Unaomba nini?"

"Shahada ya ufamasia."

"Chaguo la pili?"

"Hakuna."

"Kila mtu anaweka la pili, dada yangu. Mambo yakienda mrama unakuwa na pa kushika."

"Andika ufamasia. La pili, ufamasia. La tatu usiandike kitu."

Dozi akamweleza sababu huku Skana anapiga vitufe. Alikuwa na stashahada na miaka sita ya kutoa dawa dirishani. Miaka sita! Mwaka juzi ililetwa karatasi ya daktari yenye dozi ya mtu mzima kwa mtoto mchanga. Aliiona, akapiga simu hospitali, akaulizwa, "Wewe ni nani?" Akasema ni mtoa dawa. Simu ikakatwa. Ilibidi bosi wake, mfamasia mwenye leseni, atolewe kwenye kikao apige yeye, ndipo ikasikika. Tangu siku hiyo alitaka sahihi yake mwenyewe, ile inayomfanya mtu wa upande wa pili asikate simu. Na mwaka huu ndio ulikuwa wa mwisho kwa chuo kupokea watu wa stashahada. Mwakani mlango huo ungefungwa, na yeye angebaki dirishani mpaka azeeke.

"Hapa wanataka namba ya simu," Skana akasema. "Watatuma tarakimu sita sasa hivi, uziingize."

"Simu yangu iko kwa fundi tangu Jumanne."

Kwa kawaida pale dukani, mteja asiye na simu aliwekewa namba ya duka. Ndivyo walivyofanya siku zote. Lakini siku hiyo namba ya duka ilikuwa imetumika mpaka mfumo ukaikataa. Skana akajaribu mara mbili, akaguna, kisha akaandika namba yake mwenyewe. Kwa nini yake, na si ya mwenzake aliyekuwa hatua moja kutoka hapo? Hilo hata ungemuuliza siku hiyo asingekujibu.

"Ukishabonyeza hapa, haifutiki," akamwambia, maneno aliyomwambia kila mteja. "Una uhakika?"

"Bonyeza."

Skrini ikatoa namba ya mwombaji: 0417. Dozi akaiandika nyuma ya bahasha ndogo ya dawa, akaipigia mstari. Alipotoka, Skana alibaki anaangalia mlango hadi mama wa mbele akamgongea kaunta.

* * *

Jumatatu yake Skana alivuka barabara kutafuta dozi mpya. Jumanne alivuka kuuliza kama dawa inanywewa kabla au baada ya chakula, jambo ambalo lilikuwa limeandikwa kwenye bahasha. Jumatano hakuwa na sababu yoyote, akavuka hivyohivyo.

"Leo unaumwa nini?" Dozi akamuuliza dirishani.

"Leo nimekuja kukuonyesha kwamba sikohoi."

"Basi nenda ukaendelee kutokukohoa kwako."

"Nitakohoa wapi tena, na wewe umeniponya?"

Nyuma yake bosi akajikohoza. Ni yule mama mfamasia, ambaye leseni yake ilining'inia ukutani kwenye fremu kubwa kuliko dirisha, ndiyo maana wafanyakazi walimwita Mama Leseni. Alikuwa mkali, lakini barua ya kumpendekeza Dozi chuoni aliiandika yeye mwenyewe, kurasa mbili, kwa mkono.

Ujumbe wa chuo ukawa unaingia kwenye simu ya Skana. Maombi yamepokelewa. Vyeti vinahakikiwa. Barua ya mwajiri imeonekana. Kila ukija, Skana alimpigia Dozi, ambaye simu yake ilikuwa imeshatoka kwa fundi, amsomee kwa sauti ya mtangazaji wa habari. Ikafika mahali akawa anapiga hata chuo kikiwa kimya.

"Haloo, naongea na mwombaji sifuri nne moja saba?"

"Ndiye. Chuo kinasemaje?"

"Chuo kinauliza kama umekula."

"Mwambie chuo bado, wateja wamejaa."

"Chuo kinakuja na mayai mawili ya kuchemsha na chumvi kwenye karatasi."

"Mwambie chuo kisisahau kunawa mikono. Na kimesema kinanipenda?"

"Hilo kimesema nilisome ana kwa ana, laazizi."

Namba ya simu ilitakiwa kubadilishwa kwenye ofisi ya udahili ya chuo pale mjini, vituo vitatu tu kwa basi. Twende wiki ijayo, walisema. Wiki ijayo ikawa mwezi, mwezi ukawa miezi mitatu, na hakuna aliyemkumbusha mwenzake. Walikuwa wanapendana, jamani, na ile namba ndiyo iliyowakutanisha kila siku.

Siku moja wakiwa kwenye benchi la kituo cha basi, Dozi amevaa gauni la kijani lenye mifuko, Skana akauliza kwa sauti ya mtu asiyejali, "Hivi masomo yenyewe ni huko huko makao makuu ya chuo?"

"Huko huko. Safari ya kutwa nzima. Miaka minne darasani, mmoja wa mazoezi hospitalini."

"Mitano."

"Mitano. Mbona umenyamaza?"

"Nahesabu tu."

Tangu siku hiyo kijana hakuwa sawa. Alimwombea Dozi apate, kwa moyo mmoja. Lakini akishamaliza kuomba alijikuta amesononeka, kisha anajichukia kwa kusononeka. Yeye aliyejua kujaza fomu za watu mia kwa siku, akashindwa kujua anachotaka.

* * *

Ujumbe wenyewe ulikuja Jumatatu, saa tano asubuhi. *Mwombaji 0417, umechaguliwa kufanya usaili wa shahada ya ufamasia, Alhamisi saa tatu. Jibu 1 kukubali, 2 kukataa. Jibu la kwanza pekee litahesabiwa. Orodha ya waliokubali itabandikwa Jumatano.*

Skana akausoma mara tatu. Akaandika 2. Akaitazama ile mbili kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine, akaifuta. Akaandika 1. Akaifuta. Mwanaume mmoja akamwita, "Kijana, karatasi imekwama!" Akageuka, akavuta karatasi kwenye printa kwa mkono mmoja, kidole gumba cha mkono wa pili kikaandika, kikatuma. Simu ikalia: *Jibu lako limepokelewa.* Basi. Haikusema jibu gani.

Akiwa anageuza macho aangalie alichotuma, akamwona Dozi mlangoni, anacheka, koti jeupe limefunguliwa vifungo. Na mazoea ya Dozi yalikuwa ni kunyakua simu ya Skana aone kama chuo kimesema neno. Kiwewe kikamshika. Akafuta ujumbe wote, wa kwanza mpaka wa mwisho, kabla mwanamke hajafika kaunta.

"Chuo kinasemaje?"

"Kimya," Skana akasema.

Ndipo alipogundua alichokifanya. Alikuwa hajui alichotuma. Alijiuliza hapo hapo, akajiuliza akiwa anakula, akajiuliza akiwa kitandani. Kuna wakati aliiona moja kabisa, mbele ya macho. Dakika inayofuata anaiona mbili. Angemwambia nini Dozi? Kwamba umeitwa, na labda nimekukatalia?

Kesho yake, ofisi ya udahili ilipofunguliwa, yeye alikuwa wa kwanza dirishani. Karani alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani ya kamba na subira kidogo.

"Nataka kujua jibu la mwombaji 0417, tafadhali."

"Wewe ndiye mwombaji?"

"Hapana."

"Uhusiano wako na mwombaji?"

Swali la kawaida tu, analouliza mara hamsini kwa siku. Skana akababaika. Aseme mchumba? Hajamposa. Aseme rafiki? Kwa rafiki mtu hapotezi usingizi. Na mchumba gani anayemjibia mwenzake mbili?

"Ni… mteja wangu," akasema.

"Basi mwache mteja wako aje mwenyewe. Anayefuata!"

* * *

Saa sita mchana huo huo, mteja mmoja dirishani kwa Dozi alitaja kwa furaha kwamba mdogo wake ameitwa usaili wa ufamasia, ujumbe uliingia jana. Dozi alikuwa anahesabu vidonge kwenye trei. Hesabu ikampotea.

"Jana?"

"Jana asubuhi. Wote walitumiwa kwa pamoja, na waliokosa pia."

Hakuaga. Alipanda basi na koti lake jeupe. Karani wa miwani ya kamba akaangalia kompyuta, akasema, "0417. Uliitwa usaili. Na umeshajibu, jana saa tano."

"Mimi sijajibu."

"Imejibiwa. Kama umekubali ama umekataa, hapa mimi sioni mpaka orodha itoke kesho." Akamtazama juu ya miwani. "Asubuhi alikuja kijana kukuulizia. Shati la njano, mavitu yananing'inia shingoni. Nikamuuliza uhusiano, akaniambia wewe ni mteja wake."

Dozi akashukuru, ndiyo, alishukuru kabisa, kwa adabu. Ameitwa na hakuambiwa. Amejibiwa na hajui amejibiwa nini. Miezi mitatu amependa, kumbe ni mteja. Akashindwa hata kuchagua lipi limuume kwanza.

Skana alikuwa anabana karatasi za mtihani wa shule mlango uliposukumwa. Akajua kabla Dozi hajasema neno.

"Jana saa tano simu yako ilikuwa wapi?"

"Mkononi mwangu."

"Nakuuliza mara moja, Skana. Ulijibu nini?"

Hapa, ndugu zangu, kijana angeweza kusema moja. Nani angembishia? Hakukuwa na ujumbe, hakukuwa na shahidi, na orodha ni kesho. Lakini alimtazama yule mwanamke machoni, mikono ikiwa bado kwenye mashine ya pini.

"Sijui," akasema.

"Hujui?"

"Niliandika mbili, nikafuta. Nikaandika moja, nikafuta. Kisha nikatuma, na sijui nilituma ipi. Halafu wewe ukaingia, nikafuta kila kitu kwa woga. Nimeenda asubuhi kuuliza, nimefukuzwa."

"Uliandika mbili."

"Niliandika."

"Ulitaka nibaki."

"Nilitaka usiondoke. Na nilitaka upate. Vyote, Dozi, kwa wakati mmoja. Nimechanganyikiwa, sijawahi kuchanganyikiwa hivi maishani mwangu."

"Jamani, mimi nataka kopi mbili tu," mzee mmoja akasema kutoka pembeni.

"Subiri!" wakamjibu wote wawili.

Machozi yakamtoka Dozi, akayafuta kwa mkono wa koti. "Unajua mimi nimeingoja hii miaka mingapi. Nilikusimulia, hapa, kwenye kiti hiki. Na huyo mteja? Mimi ni mteja wako?"

"Aliniuliza ghafla, nikababaika."

"Miezi mitatu, Skana! Miezi mitatu unavuka barabara, swali moja la karani ndilo likakubabaisha? Kesho nisipojiona kwenye ile orodha, usinivukie tena ile barabara. Na nikijiona, sijui. Niache tu."

Akatoka. Mzee hakudai kopi zake. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akasema taratibu, "Pole, kijana. Utanitolea ukipata nguvu."

Jioni, dada yake Dozi, aliyepanga naye chumba kimoja, alimkuta amelala chali na viatu miguuni.

"Sasa hapo unalilia chuo ama unamlilia yeye?" dada akamuuliza.

"Sijui, dada."

"Haya. Na wewe hujui. Mmepatana!"

Dozi akamrushia mto, lakini kwa mbali alicheka, halafu akalia tena.

* * *

Jumatano Dozi alifika ofisi ya udahili akiwa amevaa gauni la kijani. Uani kulikuwa na umati mbele ya ubao. Na mbele ya umati, akiwa wa kwanza kabisa, alisimama mtu mrefu mwenye shati lililosahauliwa pasi mgongoni. Kidole chake kilikuwa kwenye karatasi, hakitembei. Watu walikuwa wanamsukuma asogee naye hasogei.

Akageuka, akamwona. Macho yalikuwa mekundu.

"Nipo?" Dozi akauliza.

"Upo."

Dozi akafumba macho, akayafumbua. Akaitafuta mwenyewe, akaiona: 0417, mstari wa kumi na mbili.

"Nilibonyeza moja," Skana akasema.

"Umejua leo."

"Nimejua leo," akakubali.

"Asante kwa kuniambia," Dozi akasema, akampita, akaingia ofisini. Akabadilisha namba ya simu, akaweka yake. Dakika tano tu. Kitu cha dakika tano walikikwepa miezi mitatu, kwa sababu walikikwepa kwa raha.

Alhamisi walikaa watu watatu upande ule wa meza, mwombaji peke yake upande huu. Wakamuuliza mengi, akajibu. Kisha wa katikati, mwanaume mwenye sauti ya chini, akasema, "Umeletewa karatasi ya daktari. Foleni ni ndefu, mgonjwa ana haraka. Dozi iliyoandikwa huielewi vizuri. Unafanyaje?"

"Nasema sijui," Dozi akajibu, bila kufikiri. "Namwambia mgonjwa asubiri, nampigia daktari. Mtu anayebahatisha anaweza kuua. Anayesema sijui anakera tu."

Yule mwanaume akaandika kitu. Dozi akabaki ameduwaa na jibu lake mwenyewe. Alimwona Skana nyuma ya kaunta, mikono kwenye mashine ya pini, uongo ukiwa karibu na rahisi, na yeye anasema sijui. Hasira haikuisha hapo, usinielewe vibaya. Ila haikuwa tena na mahali pazuri pa kukaa.

Wiki mbili hakupiga simu, na Skana hakuvuka barabara, kama alivyoambiwa. Kila mmoja alimtazama mwenzake kupitia kioo cha duka lake, na kila mmoja alidhani haonekani. Mama Leseni alivumilia mpaka siku ya kumi na moja.

"Wewe, hesabu ya vidonge ikikupotea kwenye trei, unafanyaje?"

"Namimina vyote, naanza moja upya."

"Huitupi dawa?"

"Siitupi, mama."

"Haya, endelea na kazi," Mama Leseni akasema, akarudi kwenye daftari lake.

* * *

Jibu la chuo liliingia kwenye simu ya Dozi mwenyewe, Ijumaa, katikati ya wateja. *Mwombaji 0417, umekubaliwa.* Alipiga ukelele mpaka mgonjwa mmoja akaangusha chupa. Mama Leseni akavua miwani, akamkumbatia mbele ya foleni nzima, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Na kitu cha kwanza kilichomjia Dozi mdomoni, kabla ya dada, kabla ya mama yake, kilikuwa ni sauti ya mtangazaji wa habari. Alitaka kusomewa. Akatazama ng'ambo ya barabara. Skana alikuwa amesimama mlangoni kwake. Alikuwa ameusikia ule ukelele. Akainua mikono yote miwili juu, akaibakiza hapo, lakini hakuvuka.

Mchana Dozi alikuwa tena kwa karani wa miwani ya kamba, anathibitisha nafasi yake. Nyuma yake foleni.

"Namba yako ni hii mpya. Vizuri," karani akasema huku anachapa. "Nahitaji mtu wa karibu, wa kupigiwa ukipata shida huko. Namba?"

Dozi akaitaja kwa kichwa, tarakimu zote, bila kufungua simu. Akataja jina la Skana lile kamili, la kwenye kitambulisho, ambalo hata yeye hakuwahi kulitumia.

"Uhusiano na mwombaji?"

Dozi akaitazama simu yake mkononi.

"Dada, pakiachwa wazi mfumo unakataa. Kuna mzazi, ndugu, mlezi, mwenzi. Chagua."

"Naomba dakika moja," Dozi akasema, akapiga simu. Ikaita mara moja tu.

"Haloo?" Nyuma yake printa zinaunguruma.

"Naongea na chuo?"

Skana akavuta pumzi. "Chuo… chuo kinasikiliza."

"Nimepata, Skana."

"Niliona. Nimefurahi mpaka nimetoa kopi mia mbili za ukurasa mmoja. Nimefurahi na ninaumia, nakuambia vyote viwili nisije nikaficha tena."

"Niko dirishani udahili. Wanauliza mtu wangu wa karibu, nimeweka namba yako. Sasa wanauliza uhusiano. Niandike nini? Mteja hayupo kwenye orodha."

Watu wawili kwenye foleni wakasogea karibu. Karani akaacha kuchapa.

"Kuna nini na nini?" Skana akauliza.

"Mzazi, ndugu, mlezi, mwenzi."

Printa za upande wa pili zikanyamaza, moja, mbili, tatu. Alikuwa anazizima.

"Andika mwenzi," akasema.

"Ni miaka mitano."

"Najua. Nilishaihesabu pale kwenye benchi. Nitakuja kila likizo nikivumilia, na kila mwezi nikishindwa. Nyumbani kwenu nitaleta watu wangu kabla hujapanda basi, ukiniruhusu. Andika mwenzi, Dozi."

"Ukishabonyeza haifutiki. Una uhakika?"

"Safari hii ninaiona kabisa ninayobonyeza."

Dozi akajifuta macho kwa mkono wa koti, palepale kwenye doa la waridi.

"Dada," karani akasema, sasa kwa upole, kidole chake kikiwa juu ya kitufe, "nibonyeze?"

"Bonyeza," Dozi akasema.

Karani akabonyeza, akapokea karatasi kutoka kwenye printa, akaipiga muhuri. "Anayefuata," akasema, lakini hakuna aliyesogea mpaka Dozi alipomaliza kuongea na simu.